Wanawake Chini ya Leso

Kwa miaka tisa nimekuwa mwigizaji wa kikundi cha maigizo cha kanisa letu hapa mtaani Woodley, na katika miaka hiyo yote sentensi ndefu kabisa niliyowahi kupewa jukwaani ni "Karibuni chai, ingieni ndani." Nimezaa jukwaani, nimelia matangani, nimepigwa na waume watatu. Lakini kuongea, hapana. Nilidhani maigizo ndivyo yalivyo.

Tamthilia zote huandikwa na Mwalimu Mbuthia, mwalimu mstaafu anayetuongoza. Yeye huandika kwa mkono, mimi huzipiga chapa kwenye kompyuta ya ofisini, Hurlingham, saa ya chakula cha mchana. Ile ya mwaka 2006 ilihusu posa. Kilele chake kilikuwa desturi yetu ya nyumbani: bibi harusi anafunikwa leso kichwani hadi miguuni, pamoja na wanawake wengine, wote kimya, na bwana harusi anatakiwa amtambue. Akikosea anatozwa mbuzi na kuchekwa miaka yote. Mwalimu aliitoa katika harusi yake mwenyewe. Mwaka wa sabini na nne alimtambua mkewe, Mama Kui, bila kusita. "Moyo ulinionyesha," hutuambia, na hadithi hiyo tumeisikia mara nyingi kuliko mahubiri.

Aliyenivuruga ni Namalwa, msichana aliyejiunga nasi mwezi wa Machi. Alikuwa akisomea maigizo chuo kikuu, masomo ya jioni, pale mjini. Siku moja alinikuta nikisahihisha kurasa, akanipa pensili.

"Mama Sammy, piga laini kila mahali mwanamke anaongea. Halafu uangalie anaongea juu ya nini."

Nilidhani ni mchezo. Kurasa kumi na mbili pensili haikugusa karatasi. Ukurasa wa kumi na tatu nikapiga mstari chini ya "Karibuni chai."

"Na hawa wako chini ya leso," akasema, "dakika kumi nzima. Wanafanya nini huko?"

"Wamenyamaza."

"Wewe ulipofunikwa siku yako, ulinyamaza?"

Nilikasirika. Si naye, bali na hiyo miaka tisa. Kwa sababu sikunyamaza. Shangazi yangu aliyefunikwa kando yangu alinifinya paja, akaninong'oneza kwamba mlango wa jikoni uko wazi kama nimebadili mawazo. Nami nilimjibu. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nilimjibu nini.

Kesho yake sikula chakula cha mchana. Niliandika kurasa nne. Wanawake wakaongea chini ya leso: mmoja akalalamikia magoti, shangazi akamuuliza bibi harusi kama kweli anamtaka huyu mtu, naye akajibu. Mwishoni bibi harusi hakungoja kufunuliwa. Alijifunua mwenyewe.

Mwalimu alisoma, akanirudishia.

"Mama Sammy, wewe ni mwigizaji mzuri," alisema, nikajua hapo hakuna sifa. "Lakini hii haiwezekani. Hawa wakiongea, bwana harusi si atasikia sauti ya bibi yake? Mchezo umeisha."

"Wanaume watakuwa wanabishana juu ya mbuzi. Hawatasikia."

"Mwanaume asisikie sauti ya mwanamke anayemtaka?"

Wanaume wakacheka. Muigai, bwana harusi wetu, ndiye aliyecheka zaidi. Hata hivyo Mwalimu ni mtu wa haki kwa namna yake. Akasema Jumamosi tutaigiza kurasa zangu mara moja. Asiporidhika zinatoka, na mwezi wa Agosti tunaenda ukumbini mjini na tamthilia kama alivyoiandika. Nilitaka kurasa zile nne zifike mjini kuliko kitu kingine chochote mwaka huo, na sioni haya kusema hivyo.

Jumamosi tulikuwa wanawake watatu: mimi, Namalwa, na rafiki yangu Peres. Tulihitaji wanne. Mama Kui alikuwa ameleta chupa ya chai, kama kila Jumamosi, na Namalwa akamwomba atusaidie kukaa tu. Akaingia chini ya leso bila neno.

Wanaume wakaanza kubishana juu ya mbuzi, na kwa hilo hawakuhitaji mazoezi. Sisi tukaanza yetu.

"Magoti yangu yameisha," Peres akasema. "Hawa watu wanakumbuka tuko hapa?"

Wenzetu waliokaa kwenye viti wakacheka. Nikamfinya Namalwa. "Unamtaka kweli?"

"Namtaka, shangazi. Lakini nataka aniulize."

Hilo ndilo jibu nililompa shangazi yangu. Kulisikia kwa sauti, mbele ya watu, kulinitoa machozi, na nilishukuru leso kwa kunificha. Namalwa akajifunua.

Mwalimu akavua miwani. "Umeandika vizuri," akasema. "Lakini si kweli. Mimi nilikuwa pale. Nilimjua wangu bila kusikia sauti yoyote."

Nikahisi kurasa zangu zinarudi kwenye droo.

Hapo mtu akakohoa. Leso ya nne ilikuwa bado haijafunuliwa. Mama Kui akaishusha polepole mabegani.

"Baba Kui, mimi nilikohoa."

"Lini?"

"Siku hiyo. Niliona viatu vyako vinaenda kwa binamu yangu Wanjugu, aliyefunikwa kando yangu."

Muigai alianza kucheka, akaacha. Nilimwonea Mwalimu huruma, na wakati huohuo nilifurahi sana.

"Miaka thelathini na mbili hukuniambia."

"Hukuniuliza. Na ulikuwa unaisimulia kwa furaha."

Mwalimu akaketi. Akavuta kurasa zangu, akaomba pensili ya Namalwa, akaandika pembeni kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Nilichungulia juu ya bega lake: *Mmoja wao anakohoa.* Kisha akainua kichwa.

"Ulikohoa mara ngapi?"

"Tatu," akasema Mama Kui, akiikunja leso. "Mbili za kwanza hukusikia."