Gari la Mama Halishiki Sailensa

Binti yangu alipiga simu akasema atakuja Jumamosi kulichukua gari la mama yake, ila kwa sharti.

"Baba, likinizimia njiani hata mara moja, namwachia mjomba alitafutie mteja. Siwezi kuhangaika na gari bovu barabarani na mtoto kiti cha nyuma."

"Halitakuzimia, mama," nikamwambia. Nilisema kama mtu anavyosema ameshiba ili asiongezewe chakula. Maneno yalitoka tu.

Ukweli ni kwamba lilikuwa linazima. Tangu tumzike mke wangu nilikuwa naliwasha mara kwa mara ili betri isife, na kila mara nililikuta limezidi kuharibika. Likiwa bado baridi linanguruma kana kwamba linataka kupanda ukuta. Likishapata moto, ukiliacha limesimama bila kukanyaga mafuta, linaanza kutetemeka, kioo cha pembeni kinatikisika, halafu linakata. Mafundi husema gari la namna hiyo halishiki sailensa, yaani ule mngurumo mdogo wa gari lililosimama.

Sikutaka liuzwe. Nguo zake wadogo zake walishagawana, cherehani alichukua dada yangu, nami nilisimama mlangoni nikiwasaidia kubeba. Lilibaki gari. Kiti cha dereva kilikuwa bado kimesogezwa mbele kabisa, maana alikuwa mfupi, nami nilikuwa nakikalia hivyo hivyo, magoti yakigusa dashibodi.

Nikalipeleka kwa Fundi Kimya. Jina hilo alipewa na wateja, na si kwa sababu hasemi, anasema mno. Ila akitaka kusikiliza injini huinua mkono na kupaza sauti, "Kimya!" na gereji nzima, hata wanaogonga mabati, hutulia.

Njiani lilinizimia karibu kila makutano. Watu wakapiga honi. Mmoja akatoa kichwa dirishani: "Mzee, kama una usingizi rudi kitandani!" Sikuona hasira wala aibu. Ndivyo nilivyokuwa. Watu walinipa pole nikapokea, waliniletea chakula nikala. Sikulia msibani, na baada ya hapo nikaacha hata kungoja kulia.

"Pole na msiba, mzee," fundi akasema akinipa kiwiko, mikono yake ikiwa na grisi. "Nilichelewa kusikia."

"Tumeshapoa."

"Haya, mgonjwa wetu anaumwa nini?"

Nikamweleza. Dereva wa lori aliyekuwa anangoja tairi lake lizibwe, amekalia ndoo iliyopinduliwa, akadakia kabla ya fundi. "Hiyo ni kabureta. Au pampu. Au gari lenyewe limekuchoka, mzee wangu."

"We ngoja tairi lako," fundi akamwambia. "Breki zake vipi, mzee? Nyepesi?"

"Ngumu. Nakanyaga kama napanda ngazi."

"Ahaa." Akafungua boneti. "Washa. Kimya!"

Nyundo zikanyamaza. Akainama, akatega sikio, kisha akaanza kuchomoa waya za plagi, moja moja, kwa koleo lililovishwa mpira. Kila alipochomoa, injini iliyumba kama mtu aliyepigwa kikumbo, aliporudisha ikajikaza.

"Unaona? Inalalamika," alisema. "Hiyo ni nzuri. Ukichomoa waya na injini isijali, basi hapo ndipo pamekufa. Hapa zote nzima."

Nilitikisa kichwa kukubali. Niliwafikiria wale wote waliokuwa wakinijia na kunishika mkono.

Akachukua chupa ya maji yenye tundu kwenye kifuniko, akawa anadondoshea kwenye maungio ya kabureta, kisha kwenye mipira. Hapa hakuna kitu. Hapa hakuna kitu. Alipofika kwenye mpira mnene uendao kwenye breki, injini ikakohoa.

"Zima! Tumemkamata. Anavuta hewa hapa." Akaingiza mkono nyuma, akapapasa, akakunja uso. "Hiki nini tena?"

Nikashuka kutazama. Mpira ule ulikuwa umepasuka, na juu ya ufa palikuwa pamezungushiwa kitambaa. Hakikuwa kimefungwa, kilikuwa kimeshonwa, kwa uzi maradufu, mishono midogo iliyofuatana. Joto lilikuwa limekikausha na kukilegeza.

Dereva wa lori alisimama kuchungulia, akaangua kicheko. "Jamani! Gari hili lilipelekwa kwa fundi cherehani! Hawakulipima na kiuno?"

Nilikitambua kitambaa, mirabaraba ya buluu na nyeupe chini ya grisi. Pazia la jikoni kwetu lilikuwa limepungua upande mmoja. Nilipomuuliza, mke wangu alisema limesinyaa kwa kufuliwa.

"Usicheke," fundi akasema. "Huyu alijua kinachovuja ni hewa." Kisha akanigeukia. "Ni mama huyu, sivyo? Alipita hapa kabla ya mvua. Akaniuliza gari likizima likisimama linasumbuliwa na nini. Nikamwambia mara nyingi ni hewa, liache nilitazame. Akasema hawezi, anawahi kliniki, na siku ya kliniki hataki limzimie kwenye foleni. Si unajua mwenyewe mambo ya kliniki zake."

"Najua," nikasema.

Sikujua. Kabla ya mvua alikuwa akiniambia anapeleka nguo za wateja. Nilikuja kuambiwa habari za ugonjwa wake alipolazwa, na siku zote nilidhani yeye pia aliambiwa siku ile. Angeniomba nilipeleke gari gereji, ningeuliza lina safari gani. Kwa hiyo akakata pazia.

Dereva wa lori alinitazama, akaacha kucheka. Akaisogeza ile ndoo kwa mguu. "Kaa, mzee."

Nikakaa.

Fundi akautoa mpira mbovu, akaweka mwingine, akaubana. "Washa sasa." Nikarudi kwenye usukani, nikawasha, na gari likanguruma kwa kishindo, likidunda palepale.

"Skrubu ya sailensa imepandishwa hadi mwisho," fundi akasema kwa sauti ya juu. "Ona kichwa chake, kimechubuliwa na kisu. Alikuwa anafidia ile hewa. Ukisikia unadhani lina nguvu, kumbe linajikaza tu. Naishusha." Akaweka bisibisi.

"Subiri kidogo," nikasema.

Akasubiri, bisibisi mkononi. Hakuna aliyeambiwa kimya, lakini walinyamaza. Nilikaa na mikono kwenye usukani wake nikisikiliza ule mngurumo mkubwa, alivyouacha yeye. Niliona kwamba ningeweza kuondoka nao hivyo, ukabaki. Binti yangu angelirudisha siku hiyo hiyo.

"Haya. Shusha."

Alizungusha taratibu. Sauti ikateremka, ikateremka, ikatulia pale chini, laini, hata kioo cha pembeni kikaacha kutikisika. Mguu wangu ulikuwa bado unatafuta mafuta. Nikauondoa.

Kitambaa nilikiomba. Nimekifua, grisi haitoki.

Jumamosi binti yangu alifika. Akamfunga mtoto nyuma, akaingia mbele. "Nani kalitengeneza?"

"Fundi Kimya. Mama yako alianza."

"Mama? Mama alijua gari?"

"Nenda, jua linakuwa kali. Nitakusimulia kwa simu, usiku."

Akaliwasha. Akarudi nyuma mpaka getini, akasimama kungoja magari yapite. Yalikuwa mengi. Nilisimama barazani nikingoja lizime, mkono wangu umeshika nguzo. Halikuzima. Akanipungia, akatoka.

Ndipo nikakumbuka kile kiti. Hakukisogeza. Alikaa tu, kikamtosha.