Mawe Meupe

Mawe yalikuwa meupe. Kabla sijazima gari, kabla hata sijamwona kaka yangu, niliyaona yamepangwa juu ya mataulo barazani, yanang'aa juani kama meno ya bandia. Kwenye kiti cha nyuma nilikuwa na ndoo sita zenye vifuniko, pampu ndogo za betri zikinguruma ndani yake, na katika ndoo ya sita alikuwamo Mkuu wa Shule, samaki wa bluu mwenye mkia wa njano, miaka yake kumi na minne. Nilikuwa nimeendesha gari saa mbili nzima kwa mwendo wa msafara wa mazishi ili asigongwegongwe na kuta za ndoo.

Kaka alitokeza kwenye kona ya nyumba, suruali kaikunja hadi magotini, bomba la mashine ya kuoshea kwa presha mkononi. Alikuwa anatabasamu.

"Umeona?" akasema. "Uchafu wa miaka ishirini, nimeutoa wote asubuhi moja. Baba atadhani ni mawe mapya."

Nilibaki nimeshika usukani. Niseme wazi, maana nimechoka kulipamba jambo hili: nilitamani kuteremka nimpige ndugu yangu wa tumbo moja kwa jiwe mojawapo kati ya yale.

Asiyefuga samaki wa maji ya chumvi atauliza, kwani kuosha mawe nako ni kosa? Mimi pia niliwahi kuuliza. Baba yetu alikuwa fundi wa maabara ya shule kwa miaka thelathini, na alinieleza jambo hili mpaka nikawa naliota. Samaki hukojoa mle mle anamolala. Kinachomwokoa asife kwa sumu yake mwenyewe ni vijidudu visivyoonekana, vinavyoishi kwenye vitundu vya mawe na kuila ile sumu mchana na usiku. Mawe yale yenye utelezi, ya zambarau na kahawia, yaliyomfanya wifi yangu azibe pua kila alipotutembelea, ndiyo yaliyokuwa figo za matangi yote mawili ya samaki wa Baba. "Maji utatengeneza, chumvi utanunua," Baba alikuwa akisema. "Lakini mawe unayalea."

Na aliyalea kuliko alivyotulea sisi. Mama alipofariki alikaa mwezi mzima bila kuzungumza na mtu, ila alfajiri tulimsikia sebuleni akimuuliza Mkuu wa Shule kama amelala salama. Jina hilo alimpa yeye, kwa jinsi samaki yule alivyokufuata kwa jicho moja kutoka upande huu wa kioo hadi ule, kama mtu anayejua hukufanya kazi ya nyumbani. Ukibishana na Baba juu ya chochote angekuonya kwamba asiyesikia la Mkuu huvunjika guu, kisha acheke peke yake.

Macho yake yalipofifia hadi akawa anaona mwanga na vivuli tu, Kaka alijitolea kumchukua akaishi kwake. Baba alikubali kwa sharti moja: matangi yaende, yote mawili, na samaki wafike hai. Kazi hiyo alinikabidhi mimi. Kwa wiki sita alinitajia maelekezo nami nikiandika kwenye daftari la miraba. Mawe yasafiri ndani ya mapipa, yamezama kwenye maji yao ya zamani. Mchanga usivurugwe. Samaki watoke mwisho, waingie mwisho. "Soma tena," aliniambia, na nikikosea neno alinirudisha mwanzo. Kaka akaanza kuniita Bibi Daftari.

Kaka ana kampuni ya usafi. Maofisi, zahanati, ngazi za maghorofa. Vijana wake wana fulana za kijani na ndoo zenye magurudumu. Siku moja, mbele ya wageni, Baba alisema, "Nilimsomesha sayansi, akachagua ufagio." Sote tulicheka. Kaka ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku ya kuhama, yeye alitangulia na lori lililobeba matangi na mapipa ya mawe. Mimi ningefuata na samaki. Nilimwambia mara mbili, "Mapipa usiyafungue mpaka nifike." Akanipigia saluti: "Ndiyo, Bibi Daftari."

Basi pale barazani nilimuuliza ametumia nini.

"Maji tu," akasema. Alipoona bado namtazama akaongeza, "Na klorini kidogo. Ile tunayotumia zahanati. Haina shida, inaua kila kitu."

"Na maji ya mapipani?"

"Yale machafu? Si nimeyamwaga."

Wahenga walishasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwa na samaki kumi na mmoja kwenye ndoo. Nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo wifi yangu alinikumbusha kwa miaka. Kaka alisimama na bomba lake linalodondosha maji, tabasamu likimwishia taratibu, na alichosema ni kimoja tu: "Nilitaka Baba akute pamependeza." Hata hicho sikukisikia siku ile. Nilikisikia baadaye sana.

Nilihamia kwake nikaanza vita. Duka la mawe hai, yale yenye vijidudu vyake, lilikuwa mbali, mzigo ungechukua siku kumi na moja. Nilibadilisha maji kwa ndoo, nikakoroga chumvi, nikapima, nikabadilisha tena. Kila asubuhi kichupa cha kupimia sumu kilikuwa kijani zaidi. Siku ya nne walikufa wale wawili wa rangi ya chungwa, waliolala pamoja miaka yote. Halafu wengine, mmoja mmoja. Siku ya tisa, saa ya chakula cha mchana, Mkuu wa Shule alikuja juu na kulala kiubavu kwenye kiganja changu, akifungua na kufunga mdomo. Lile jicho lilinitazama mpaka mwisho. Kwa haki, ingawa sipendi kusema, Kaka alibeba ndoo kama mimi, hadi mikono ikapasuka kwa chumvi.

"Baba asijue," akaniambia.

"Utamwambia wewe. Kwa mdomo wako."

"Akijua hatakaa hapa hata siku moja. Na ile nyumba yake ina watu wengine sasa. Ataenda wapi?"

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Mtu akikuharibia halafu akawa na hoja, hasira utaipeleka wapi?

Baba alikuwa akikaa kwa shangazi yetu hadi mambo yatulie. Mawe mapya yalifika, matangi yakatulia, na siku mbili kabla Baba hajaja Kaka alirudi na mfuko wa plastiki uliojaa hewa. Ndani yake alikuwamo samaki wa bluu mwenye mkia wa njano, kimo kile kile. Sikusema kitu. Hiyo ndiyo sehemu yangu ya dhambi, naibeba mwenyewe.

Baba alipapasa ukuta mpaka akafika kwenye tangi. Akaingiza mkono majini hadi kifundoni, kidole kimoja kimenyooka. Mkuu wa Shule alikuwa na tabia ya kuja kuung'ata ule ukucha na kuuvuta, kila siku, miaka yote. Tulisubiri. Samaki wa dukani alijibanza nyuma ya jiwe.

"Amenisahau," Baba akasema.

"Ni uchovu wa safari, Baba," Kaka akajibu.

"Ndiyo. Safari huchosha." Akautoa mkono, akaufuta kwenye suruali, akageukia kule sauti ya Kaka ilikotoka. "Nyumba yako inanukia usafi. Umefanya kazi nzuri."

Sikuwahi kumsikia akimpa Kaka neno kama hilo. Nilichukua funguo zangu nikaondoka bila kuaga, na kwa miaka kumi na moja nikawa mgeni wa sikukuu katika nyumba ile. Naingia, nasalimia, nauliza afya, natoka. Yale mawe meupe Kaka aliyapanga bustanini kuzunguka maua, na kila nilipopita niligeuza uso.

Baba alitutoka mwaka jana. Wifi alinipa daftari la miraba, nililoliacha kwao, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wangu. Baada ya maelekezo yangu yote, kwenye ukurasa uliofuata, nilikuta herufi kubwa za kalamu nene, zinazopanda na kushuka, za mtu anayeandika asichokiona:

SAMAKI HUYU NI MGENI, NILIJUA SIKU YA KWANZA. MAWE YANGU YAKO BUSTANINI. NIMESHIKA LILE LENYE TUNDU, LIMEOSHWA. KIJANA ALITAKA YAPENDEZE. ASIJUE KUWA NAJUA.

Nilisoma nimesimama, nikasoma tena nimekaa. Ungetegemea nilie. Nilikasirika upya. Mimi niliyeendesha kwa mwendo wa mazishi, niliyekesha na kichupa cha kijani, niliyefiwa na samaki wale mikononi, sikutajwa hata kwa herufi moja. Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe.

Mwezi uliopita Kaka akapiga simu. Wanahama tena. "Sijui nianzie wapi," akasema. "Na Mkuu ameshazeeka." Mpaka leo, hata kwangu ninayejua, bado anamwita Mkuu! Nikatia daftari mkobani. Nilikuwa nimeshapanga: nitamsomea mbele ya mkewe, kwa sauti, neno kwa neno.

Nilimkuta sebuleni peke yake. Mapipa yalikuwa yamepangwa mstari mmoja. Yeye alikuwa amesimama kando ya tangi, mkono umezama hadi kifundoni, kidole kimenyooka, na yule samaki aliukamata ukucha wake akauvuta. Kaka hakuniona. "Umelala salama?" alikuwa anamuuliza.

Nilimpa daftari tu, limefunguliwa.

Alisoma midomo ikicheza. Akasoma mara ya pili. Kisha akakaa juu ya pipa.

"Alijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Miaka yote ile ananiambia nimefanya kazi nzuri."

"Ndiyo."

Nilisubiri alie. Sitadanganya, nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo. Hakulia. Alinirudishia daftari, akatoka nje, na kupitia dirishani nilimwona akipiga magoti kwenye maua. Alirudi ameshika jiwe moja jeupe, limeota ukoko wa kijani kwa mvua za miaka kumi na moja, lina tundu katikati kama mlango.

"Hili linaweza kurudi?"

Nililinusa. Lilinukia udongo. "Likikaa na yaliyo hai, polepole," nikasema. "Kwa maji yao ya zamani. Na ukigusa klorini nitakukata hiyo mikono."

"Ndiyo, Bibi Daftari."

Hakuna aliyecheka. Aliliteremsha jiwe ndani ya pipa la kwanza, kati ya mawe yaliyo hai, kwa mikono miwili, taratibu, mpaka maji yakamfika viwikoni. Hasira yangu ilikuwa pale pale, nzima. Nikamshikia kifuniko.