Mwisho Alioushona Bi Nyamazeni

Vijana waliokuja maktaba kufuata feni na kuchaji simu walimwita mkutubi Bi Nyamazeni, naye alilipokea jina hilo kama cheo. Siku alipotangaza kwamba kila Jumamosi watasoma pamoja riwaya moja ya zamani, walifurahi kama watu walioitwa kung'olewa meno.

"Riwaya hii ndiyo iliyonilea," aliwaambia, akiinua kitabu chakavu kilichoshikiliwa na gundi na dua. "Kijana anamtoroka baba yake, fundi saa, ili akawe mpiga tarumbeta. Mtalia."

"Tumeshaanza," sauti ilijibu kutoka nyuma.

Lakini hadithi nzuri haina adabu, huingia bila hodi. Baada ya Jumamosi chache simu ziliwekwa kando. Binti mmoja, waliyemwita Wakili kwa sababu angeweza kukubishia hata jina lako mwenyewe, alimgombeza kijana wa riwayani kana kwamba ni kaka yake wa tumbo moja.

Tatizo lilikuwa kurasa za mwisho. Zilikuwa zimenyofoka tangu mkutubi mwenyewe akiwa msichana.

"Msihangaike, mwisho ninao kichwani," alisema. Akafumba macho, akasimulia: kijana anarudi, mvua inanyesha, baba anamkumbatia, wote wanalia, na saa zote za dukani zinagonga kwa pamoja. Akajifuta machozi. Vijana wakapiga makofi ya kumsitiri.

Wakili hakupiga. Jumamosi iliyofuata alikuja na nakala nzima, aliyoikuta kwa shangazi yake ikiegemeza mguu wa kabati.

"Samahani, mama," alisema. "Baba hakumkumbatia mtu."

Akasoma. Kijana anafika mlangoni, anamsikia baba yake akicheka ndani na mwanafunzi mpya wa ufundi. Anasikiliza kidogo. Kisha anageuka na kwenda zake, bila kubisha hodi.

Uso wa mkutubi ulimwaka. Kumbe lile kumbatio alilishona mwenyewe, akiwa na umri wa hawa hawa, usichana ulipokataa kuachwa solemba na kitabu. Na alilishona vizuri mno, hata akasahau kwamba sindano ilikuwa yake.

"Mwandishi amekosea," alitamka, kwa sauti ya mteja anayerudisha viatu vilivyombana.

Kicheko kikalipuka, na ubishi ukafuata.

"Wa kwako mtamu, mama, ila ni wa sinema!"

"Angebisha tu, hodi ni bure!"

"Asingebisha," Wakili alisema, macho yakiwa kwenye ukurasa. "Mimi nilifika kwa baba. Nikasikia watoto wake wengine wakicheka. Sikubisha."

Mkutubi, mwenye ushauri kwa kila mtu hata asiyeuomba, alivuta kiti karibu na chake.

"Njoo ukae hapa, mwanangu. Nisomee tena, polepole."

Binti alisoma. Safari hii mkutubi alilia bila madoido, pua na yote, huku akimlaani mwandishi kwa kosa la kusema kweli.

Wakati wa kufunga alinyoosha mkono. "Niazime hicho kitabu."

"Kuna foleni, mama," Wakili alimjibu. "Wenzako wanne wamekutangulia."

Mkutubi alifungua kinywa kudai haki ya mkubwa, akakumbuka kwamba sheria ya foleni aliibandika ukutani yeye mwenyewe, kwa wino mwekundu. Akaandikisha jina, akazima feni.