Benchi la Muharami

Tangu Anwari wa Muleba afungue kibanda cha gemu ng'ambo ya barabara pale Miembeni, chakula kilikuwa hakimshuki Muharami. Yeye alikuwa na mashine tatu za gemu bandani kwake. Anwari hakuwa na hata moja. Alikuwa na runinga, padi za kuchezea na intaneti tu, na gemu zote zilimjia kwa mtandao, mpya kwa za zamani. Na kucheza alifundishwa na nani? Na Muharami huyuhuyu, kwenye benchi ambalo siku hizi lilikaliwa na paka.

"Gemu ambayo huna mashine yake si gemu," Muharami alimwambia mkewe, Shadya.

"Kama si gemu, mbona unashinda dirishani unawachungulia?"

Jumamosi ikanyesha mvua kubwa, mtandao ukakata. Vijana wote wakavuka barabara mbio na kujaa bandani kwa Muharami, na Anwari nyuma yao. Muharami akamfukuza paka, akafuta padi kwa shati lake, akamkaribisha Anwari wacheze gemu ya mpira, ili watu waone nani mwalimu na nani mwanafunzi.

Anwari akamfunga matatu kwa moja, polepole, bila kucheka, huku akimwita kaka.

Macho yote yakaenda ukutani, ambako Muharami mwenyewe, enzi banda lilipokuwa likijaa, aliandika kwa rangi nyekundu: UKIFUNGWA, MPISHE MWENZAKO.

Muharami akaweka padi chini, akainuka.