Mahari ya Vyuo Vitano

Jamani, hili hamtaliamini. Nimetoka kitandani sasa hivi, nawaandikia kwa simu. Usiku wa jana niliota muungano wa vyuo vikuu vyetu vitano vya teknolojia unaolewa na kiwanda cha mashine.

Sisemi wakubwa wake. Nasema vyuo vyenyewe, majengo, na ngazi zake. Vimekaa mkekani uani kwa mama, kule Masasi, vimejitanda khanga. Vimefungwa kamba pamoja na bwana harusi, maana mkataba wa ndoa unasema uhusiano na kiwanda uwe wa karibu, na ukaribu umepimwa: shubiri moja.

Mshenga ni mashine ya fotokopi. Imevaa kanzu.

"Bwana harusi kaleta nini?" nauliza.

"Kofia hamsini na maji ya chupa," inasema, na kila jibu inalitoa nakala mbili.

"Na mahari?"

"Mahari wanatoa mabibi harusi. Mashine ya kubangua korosho."

Hiyo mashine ni yangu! Miezi kumi na minne nimeiunga kwa vyuma chakavu, ili mama aache kubangua kwa mikono. Mafuta ya maganda yamemla vidole mpaka simu haimtambui akigusa. Ndiyo mradi wangu wa mwaka wa mwisho, na leo saa nne natakiwa kuukabidhi kwa wageni wa kiwanda.

Ghafla tuko jikoni kwa mama. Vyuo vitano vimejibana humo humo, kimoja kimekalia kinu. Mashine yangu iko kwenye kona, imepakwa hina.

"Dada Somoe," inaniambia, "nikifika kwa mume sibangui tena. Nafunikwa turubai stoo, nisiwaharibie soko la mashine zao."

Mama akaweka mwiko chini. "Tangu lini bibi harusi akatoa mahari? Tena ya kuchukua kwa mtoto wa mtu! Mmemuuliza mwanangu?"

"Shikamoo mama," kinasema chuo cha kwanza, kwa adabu kabisa. "Alisaini siku anajiandikisha. Kifungu cha kumi na saba."

"Nilikuwa nasaini kupewa kitanda bweni!"

"Kitanda ulipewa?"

"Nililala chini muhula mzima!"

"Basi ulisaini," kinasema, na vyuo vyote vikapiga vigelegele kwa madirisha.

Mshenga akatoa hati: Mimi mbunifu nimeridhia. Akanishika dole gumba. Nikaipokonya ile hati nikaitia mdomoni, nikatafuna.

"Hiyo ni nakala," anasema Mshenga, hana hata wasiwasi. "Ninazo mia tatu."

"Zilete!"

Mama ananimiminia maji ya kushushia. Nilikuwa kwenye nakala ya tisa nilipoamka.

Niko chumbani kwangu Dar, kumekucha. Kuna kitu kimenikwama kwenye jino. Nikakivuta. Kipande cha karatasi, kimelowa, kina nusu ya mhuri wa zambarau na neno moja linalosomeka: nimeridhia.

Sasa ni saa mbili na robo. Mashine iko hapa mlangoni. Gari la chuo la kuibeba limeshapiga honi mara mbili, na basi la Masasi linaondoka saa tatu.

Ungekuwa wewe, ungeipakia wapi?