Herufi Moja Mbele

Nilichokiona kwanza ni vidole vya Tina. Vilikuwa na weusi wa majani ya nyanya, ule usiotoka kwa sabuni, na alivificha chini ya meza ya maktaba kila mwalimu alipopita.

Tulikuwa tumebaki wawili. Nafasi ya mafunzo ya bure ya kompyuta ilikuwa moja: miezi sita, na mwishoni kazi ya ofisini. Mimi sina mume. Tina, jirani aliyenijua tangu utotoni na kunizidi miaka tisa, alikuwa na Abram, naye Abram alikwishasema. Tina akipata nafasi, wanabaki hapa Ontario. Akikosa, wanarudi Mexico kabla ya theluji, kwenye koloni la baba yake Abram, kijiji cha Wakristo wetu wa asili ya Kijerumani waliojitenga na dunia, ambako mwanamke hagusi kompyuta.

Mtihani ulikuwa mdogo. Mwalimu Farrow alitupa namba: 13, 1, 18, 9, 1. A ni moja, B ni mbili, hivyo hivyo hadi Z. Tuandike programu ya kugeuza namba kuwa jina. Kuulizana kunaruhusiwa, alisema. Kwa mkono hata mtoto angesoma: MARIA. Kompyuta ya Tina ilitoa NBSJB.

"Mdogo wangu, hebu mwone huyu Maria," alininong'oneza kwa Kijerumani chetu cha nyumbani. "Katafunwa na mbwa?"

Nilicheka kidogo. Yangu nayo ilikuwa imetoa vilevile, kisha nikaona kila herufi imeruka moja mbele. Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Kwake A ni sifuri, si moja. Nikapunguza moja kwenye kila namba, Maria akatokea mzima.

Tina hakuliona hilo. Sisi wasichana wa koloni tulitolewa shule tukiwa na miaka kumi na miwili, akadhani kosa liko hapo.

"Nimesahau mpangilio wa herufi, Neta. Aibu gani hii!"

Akaifuta yote orodha ya herufi aliyoiandika kwenye programu, akaanza kuiandika upya huku akiimba a-be-tse, herufi za Kijerumani, kwa sauti ya chini, kama tulivyoimbishwa koloni. Orodha ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Akaifuta tena. Mara tatu.

"Yako imekubali?" akaniuliza.

Nikainamia kibodi.

"Wewe nawe! Hata kujibu unaona haya," akasema, akanigusa bega.

Saa sita mchana mwalimu Farrow akaita jina langu.

Abram alipakia gari wiki ya pili ya Oktoba. Tina alikuja kuaga, akanikumbatia mbele ya mama yangu.

"Angenisaidia siku ile," alimwambia mama, "ila haya imemfunga mdomo tangu utotoni. Simlaumu."

Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nikatazama viatu vyangu mpaka gari likaondoka.

Haikuwa haya, dada Tina. Niliitaka ile nafasi, nikakuacha uimbe.