Gayageum ya Mama

Baba alikubali nijifunze kupiga kinanda cha gayageum kwa sharti moja: Mama afuatane nami, na asinyanyuke alipokaa mpaka somo liishe.

"Nyuzi zile ni za wanawake wa kuwaliwaza walevi," alisema huku akichonga bakuli, bila kuniangalia. "Sitaki binti wa fundi Maeng asemwe Namwon nzima."

"Mwalimu Tak ni mjane mwenye heshima zake, Baba Okju," Mama alimjibu. "Na mimi nitakuwepo. Nani atasema nini?"

Basi majira yale ya baridi, nikiwa na miaka kumi na saba, tukawa tunapanda kichochoro kila alasiri, mimi mbele, Mama nyuma na beseni lake la vitunguu saumu, maana hakujua kukaa bure. Mwalimu Tak alikuwa na chumba kimoja tu, sakafu yake ikipashwa moto kwa chini hata usingizi ukakunyemelea. Alikuwa mwanamke mwembamba, sauti imekwaruzwa na sigara. Alinipakatisha ubao ule mrefu wa nyuzi kumi na mbili za hariri, kichwa chake gotini kwangu, mkia sakafuni, kila uzi umeinuliwa na kijiguu chake cha mbao.

"Hapa hakuna karatasi," alisema. "Kitabu ni mdomo wangu. Dung, dang, dong, jing. Sema!"

Nilisema. Nikapiga. Ukatoka mlio kama wa kifuniko cha sufuria kilichoanguka jikoni.

"Unafukuza nzi? Mkono wa kulia unausemesha uzi, wa kushoto unauliza. Bonyeza, tikisa, achia. Haya, tena!"

Vidole vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Miguu nayo ilikufa ganzi kwa kukaa nimeikunja. Siku moja niliinuka nikamwangukia Mama, vitunguu vikatawanyika chumba kizima. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Ulipofika wakati wa kutia kabichi za kimchi mitungini, mikono ikizama kwenye chumvi na pilipili, nililia machozi ya kweli.

"Nyamaza," Mama alinibembeleza. "Mwalimu kasema ngozi itakomaa."

"Kasema kwa sababu vidole si vyake!"

Mwalimu aliniazima gayageum kuukuu nifanyie mazoezi nyumbani. Nilikuwa napiga jioni, Mama akipika wali, na mara sauti yake ikitoka jikoni: "Hapo si dang, ni dong. Halafu unangoja kidogo, kama mtu anayemeza mate."

"Umejuaje wewe?"

"Si nina masikio? Baba yako aliniambia nikae, hakuniambia niyazibe."

Sikuwa mwanafunzi mzuri. Miaka miwili baadaye niliolewa na karani wa bandari ya Incheon, na siku ya kufungasha nikamwambia Mama tumrudishie mwalimu chombo chake.

"Kiache tu," alisema. "Nitakipeleka mwenyewe."

Nilirudi Namwon Baba alipotimiza miaka sitini, nikiwa na mtoto mgongoni. Kabla sijafungua lango nilisikia nyuzi zikilia ndani, polepole, zikikosea na kuanza upya. Nikadhani mwalimu ametutembelea. Kumbe ni Mama, amekaa chumbani peke yake, gayageum gotini, jasho linamtoka kama mpiga jembe.

"Mama!"

Alishtuka akaficha mikono chini ya sketi kama mtoto aliyeiba asali. Nikaivuta. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama pembe.

"Baba anajua?"

"Mbona alinuna mwezi mzima! Halafu kijiguu kimoja kikavunjika. Nikaacha kupiga. Baada ya siku kadhaa nikakuta kipya juu ya sanduku la nguo, kimechongwa vizuri kuliko vya zamani. Hakusema neno, nami sikumuuliza."

Siku ya sherehe nyumba ilijaa majirani, keki za mchele na pombe ya mchele. Mwalimu Tak, kikohozi kimeshamzidi, alikalishwa pahali pa heshima. Chakula kiliposhuka akamgeukia Mama.

"Mama Okju, unapiga, au niwaeleze watu unavyokosea?"

Wageni wakashangilia. Mama akakataa, akafunika uso, akamtazama Baba. Baba naye alikuwa anatazama bakuli lake la pombe. Alikunywa iliyobaki, akaligeuza juu chini mezani.

"Kama ni kupiga, apige kwa mizani," alisema, na akaanza kuligonga kwa kidole.

Mama alipiga kile kipande cha polepole, ndicho pekee alichokijua. Mimi, niliyepasuka vidole baridi nzima, sikukikumbuka hata nusu. Lakini mdomo wangu ulikuwa unatamka wenyewe, dung, dang, na mwanangu akinishangaa. Watatu wale sasa wamelala makaburini mlimani nyuma ya mji, na nikitamani kuwaona naanzia alasiri ile: Mwalimu amefumba macho, Baba kalewa kidogo na furaha, anagonga mbio mbio, na Mama anamfokea mbele ya wageni wote bila aibu:

"Taratibu, Baba Okju! Mwenzio bado najifunza."